Nilivyokwenda Guangzhou Kumtafutia Salma Vazi la Kuogelea

Safari hii sikuipanga. Huwa naenda Guangzhou kuchukua mashuka na mapazia ya duka langu hapa Unguja, tena naenda kwa nafasi yangu. Lakini mdogo wangu Rukia alinipigia simu huku analia. Anaishi katika mji mdogo wa Ulaya ambao sitautaja, maana bado yuko huko. Bintiye Salma alikuwa anajifunza kazi ya uokoaji kwenye bwawa la kuogelea la mji, na siku hiyo wasimamizi walimtoa majini mbele ya wenzake kwa sababu ya vazi lake la kujisitiri. Wakasema kitambaa si cha kuogelea, si safi, na kinapwaya. Bwana mmoja wa kamati ya bwawa akaongeza kuwa wakiliruhusu hilo leo, kesho mji hautakuwa wao tena. Kikao cha kuamua kilikwisha pangwa, na mtihani ulikuwa unafuata. Salma asipokubaliwa, kazi aliyoitamani tangu mdogo ndiyo basi.

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia Rukia, kama shida yao ni kitambaa, mimi napajua pa kukipata. Nikakata tiketi.

Dar es Salaam, uwanja wa ndege, nilikuta foleni ya wafanyabiashara wenzangu na mabegi yao matupu. Kila mmoja alikuwa na oda ya kontena zima au nusu yake. Nilipoulizwa nafuata nini, nikasema nafuata nguo moja. Walidhani natania.

Guangzhou nilifika asubuhi, joto limeshika na hewa imejaa unyevu. Nilipanga chumba mtaa wa Xiaobei, karibu na jengo la Tianxiu, kwa sababu pale sihangaiki kutafuta chakula cha halali wala mtu wa kusema naye Kiswahili. Mama Gloria alikuja kunipokea. Ni Mkristo wa Mwanza, anaishi mtaa wa Sanyuanli na kusafirisha nguo nyumbani, na tumekuwa marafiki tangu alipoanza biashara. Nilimweleza yote tukinywa chai.

"Kwa hiyo mtoto anataka kuokoa watu, wao wanamtoa majini?" aliuliza.

"Ndivyo."

"Basi kesho twende kwa laoban wangu. Anashona nguo za kuogelea tupu. Ila uniache mimi niseme, wewe ukikasirika bei inapanda."

Kesho yake tulipanda metro, kisha teksi, hadi kiwandani. Laoban, yaani bosi, ni mama mfupi mchangamfu. Nilikuwa nimejiandaa kumchorea ninachotaka. Sikuchora kitu. Ukutani zilining'inia nguo za kuogelea za kufunika mwili kuanzia shingoni hadi vifundoni, nyingine zina kofia zake, zimebana vizuri. Nikauliza ni Waislamu wa wapi walioagiza.

Laoban alimtazama Mama Gloria, akaandika kwenye simu yake, simu ikatafsiri. Hakukuwa na Mwislamu hata mmoja katika oda ile. Nyingine ni za wanawake wa Kichina wasiotaka kuchomwa na jua. Nyingine zinakwenda Ulaya, kwa wacheza na mawimbi na watu ambao ngozi zao huungua upesi. Akanionyesha maboksi yaliyofungwa tayari. Niliposoma jina la nchi, nililirudia kulisoma. Ilikuwa nchi anayoishi Rukia.

Mama Gloria akamweleza, kwa Kichina chake cha sokoni, kwamba huko msichana amekatazwa vazi kama lile. Laoban hakuelewa. Aliomba arudiwe, kisha akasema neno ambalo Mama Gloria alinitafsiria huku anacheka: "Anasema jua kuliogopa anaelewa. Nguo wanaiogopea nini?"

Nilinunua moja ya kipimo cha Salma na moja ya kwangu, maana sipeleki kitu nisichokijaribu. Shida ni kwamba sijui kuogelea.

"Mtu wa kisiwani, bahari iko mlangoni, hujui kuogelea?" Mama Gloria alisema. "Sisi tumekulia ziwani. Twende nikufundishe."

Jioni tukaenda bwawa la karibu na kwake. Mimi nilivaa vazi langu zima na kofia yake, yeye kavaa la kawaida, misuko yake iko wazi. Mlangoni dada mwenye zamu alinitazama juu hadi chini, nikajikaza kwa mabishano. Akanipungia mkono nipite. Mama Gloria ndiye aliyezuiwa. Pale kila mtu lazima afunike nywele, ndiyo sheria ya usafi ya bwawa.

"Leo nimekataliwa kwa kukosa mtandio," alisema, akaenda kununua kofia, akahangaika kuingiza misuko ndani yake mpaka dada yule akamsaidia. Mimi nilicheka hadi nikaumwa mbavu. Kisha nikaingia majini, nikamshika mkono, na kabla hatujatoka nilikuwa naelea peke yangu. Nilifurahi vibaya sana.

Siku iliyofuata nilituma kifurushi cha Salma kupitia wakala pale Tianxiu, nikampigia Rukia. Nikamwambia aende duka la michezo la mji wake, rafu ya nguo za kujikinga na jua. Baadaye alinitumia picha. Vazi lilikuwa lile lile, mshono ule ule.

Nilikuwa nimesharudi Unguja siku ya kikao. Rukia alinisimulia kwamba alibandua lebo, akayaweka mavazi mawili mezani, la dukani kwao na lile nililomtumia Salma, akawaomba kwa adabu wamwonyeshe lipi la kukatazwa. Wakayashika, wakayageuza. Yule bwana aliyehofia mji hautakuwa wao akaonyesha la dukani, Rukia akawatolea lebo yake. Mwenyekiti akawaambia wajumbe kwamba Salma anarudi majini.

Nilikwenda nikidhani wale watu wanahitaji kitambaa bora. Nimerudi nikijua kwamba kitambaa kilikuwa kisingizio, na walichokuwa wanakiogopa ni watu kama sisi kuwa majirani wa kudumu. Woga wa namna hiyo haumalizwi na nguo. Lakini kisingizio kikivunjwa mbele ya watu, anayeogopa hubaki hana cha kushika, na hapo mtoto wako hupata pa kupita.

Salma alifaulu mtihani. Siku hizi kila Jumamosi hukaa kwenye kile kiti kirefu cha waokoaji, filimbi shingoni, bwawa zima likiwa chini ya macho yake. Yule bwana huleta wajukuu zake siku hiyo.