Dakika Saba za Nyanya wa Mraru

Kompyuta ilifika studio yetu ya picha mjini Voi ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi, na hata kabla haijachomekwa kwenye umeme bosi alikuwa ameshanikataza kuigusa.

"Hii si ya kuchezewa," aliniambia. "Wewe kazi yako ni kamera. Mambo ya huku ndani ni ya fundi."

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kwisha. Mpaka siku hiyo kanda za harusi nilikuwa nikiziunganisha mimi kwa deki mbili za video, moja ikicheza na nyingine ikirekodi, kidole changu kikingoja juu ya kitufe. Nilifanya hivyo miaka minne. Bosi alikuwa ameniajiri kwa sababu familia za Kiislamu pale mjini, yetu ikiwemo, hazikutaka mwanamume aingie na kamera upande wa wanawake. Nilianzia huko, na kwa kuwa mikono yangu haikutetemeka, nikaishia kupiga harusi zote, za msikitini na za kanisani. Lakini mashine ilipokuja, ghafla sikujua kitu.

Fundi alitoka Mombasa, mtu wa miaka thelathini hivi, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka mikono ina makali. Alimfundisha bosi siku tatu, mlango umefungwa. Mimi nilipeleka chai. Kila nilipoingia, yule bwana aliweka kiganja mbele ya skrini, kama mtoto anayeficha jibu la hesabu kwa mwenzake wa dawati. Sijawahi kumwaga chai ya mtu kwa makusudi. Siku zile nilikaribia.

Harusi ya kwanza waliyoihariri kwa kompyuta ilikuwa ya kijijini Mraru, na ni mimi niliyeipiga. Asubuhi kabla ya kwenda kanisani, bibi harusi alipigishwa magoti nyumbani kwao mbele ya nyanya yake. Nyanya alikuwa mzee sana, jicho moja limeingia ukungu. Alichukua maji kwenye kibuyu, akayajaza kinywani, akayapuliza taratibu mbele ya mjukuu wake huku akinena maneno ya Kidawida, lugha ya Wataita, kisha akapiga funda jingine, akanena tena. Wao huita kutasa. Mama wa bibi harusi alisimama karibu yangu akaninong'oneza, "Anamwombea heri. Lakini kwanza ni lazima ateme hasira yote iliyo moyoni mwake, la sivyo baraka haishiki." Nilisimama na ile kamera kubwa begani dakika saba bila kusogea. Hata kuku walinyamaza, au mimi ndiye niliyeacha kuwasikia.

Filamu ilipokwisha, bosi aliniita niitazame. Kulikuwa na mioyo myekundu inaruka hewani. Bibi harusi alifunuliwa kama ukurasa wa kitabu, akazunguka, akapotea kwenye nyota. Kisha magari, kisha kanisa.

"Nyanya yuko wapi?" nikauliza.

"Yule ajuza anayetema maji?" fundi akasema. "Ningemweka wapi? Anaharibu picha."

Bosi akacheka. Mimi nikanyamaza. Mpaka leo kimya kile kinaniuma kuliko maneno yao.

Wiki chache baadaye mama wa bibi harusi alikuja studio peke yake, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Aliketi kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani.

"Mama yangu tumemzika Jumamosi," alisema. "Hatuna picha yake nyingine. Nimeangalia ile kanda mara tatu, simwoni. Mwanangu, si wewe ulikuwa umesimama pale?"

"Nilikuwepo, Mama."

Bosi alimpa pole, akamwambia kazi ikishatoka imetoka, na fundi yuko Mombasa. Alisema hayo huku anapanga fremu kwenye kabati, hata hakugeuka. Mama alishukuru. Alishukuru! Nilimsindikiza hadi barabarani, nikamwomba arudi baada ya wiki mbili.

Kaseti halisi niliikuta kwenye sanduku la zile zinazongoja kurekodiwa upya. Harusi nyingine mbili tu, na nyanya angefutwa kabisa. Nilivunja kijipande cha plastiki kilicho ubavuni mwa kaseti ili deki yoyote ikatae kurekodi juu yake. Kilipovunjika nilisikia raha.

Siku za soko bosi alikuwa akienda Taveta kutwa nzima. Jumatano ya kwanza nilifunua kompyuta, nikafungua kitabu cha maelekezo, kinene, cha Kiingereza kitupu, nikaweka kamusi ya shule pembeni. Nilitumia nusu saa kuiwasha na kutafuta programu. Harusi ilikuwa bado mle ndani, kwa sababu bosi aliogopa kufuta kitu. Hicho ndicho alichojifunza kwa siku tatu.

Niliingiza dakika saba zangu kutoka kwenye deki. Mashine ikakubali mbili, ikaganda. Nikaanza upya. Umeme ukapotea. Ukarudi, na kila nilichofanya hakipo, kwa kuwa sikujua kwamba kazi huhifadhiwa kwa amri, haijihifadhi yenyewe. Nilipiga meza hadi mausi ya kompyuta ikaanguka. Nilimtukana fundi, nikamtukana mwandishi wa kile kitabu, nikajitukana.

Jumamosi niliweza kumpachika nyanya mahali pake, kabla ya magari. Nikabonyeza kucheza. Nyanya alipuliza maji vizuri, lakini baada yake picha zote zilikuwa zimesogea mbele na sauti zimebaki zilipokuwa. Bibi harusi alifungua kinywa, ikatoka sauti ya mchungaji. Kwaya iliimba, zikalia honi za magari. Pengine mtu mwingine angecheka. Mimi nililia kwa hasira, kisha nikarudi kwenye kamusi, neno kwa neno, mpaka nikaelewa kwamba picha na sauti hukaa kwenye mistari tofauti, na mistari yote lazima isogee pamoja. Pia nikagundua kitufe cha kurudisha nyuma kosa. Kwa nini hakuna aliyeniambia kuhusu kitufe hicho? Ningekijua mapema, nisingeogopa kitu.

Ilinichukua siku nne za soko. Mioyo myekundu niliiondoa yote, nikairekodi filamu kwenye kanda mpya.

Mama aliporudi, bosi alikuwepo. Niliweka kanda kwenye deki bila kumwomba ruhusa. Mama aliitazama akiwa amesimama. Nyanya alipoanza kunena, aliyafuata maneno yale kwa midomo bila kutoa sauti, hadi mwisho. Kisha akaketi chini, sakafuni, si kwenye benchi.

"Nilijua fundi wangu hashindwi," bosi akamwambia.

"Nimefanya mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi. Fundi wako ndiye aliyemtoa. Na wewe ulicheka."

Mama alinitazama, akamtazama yeye. Bosi alikohoa, akasema tutazungumza baadaye. Hatukuzungumza. Aliufunga mlango wa chumba cha kompyuta kwa kufuli, na kwa mwezi mzima nilikaa kaunta nikikata picha za pasipoti.

Kisha ikaja familia moja kutoka Mahoo kuagiza harusi ya binti yao. Baba wa bibi harusi alisema wameona kanda ya Mraru, nao wanamtaka msichana aliyeitengeneza. Bosi alisema fundi yupo. Mzee akajibu, "Huyo hatumjui."

Bosi alitoa ufunguo mfukoni, akauweka kaunta mbele yangu. Hakusema samahani, na mimi sikusema asante. Nilifungua mlango, nikaingia, na chai yake siku hiyo alijichemshia mwenyewe.