Nyumba Iliyotoa Jasho Kiangazi

Mvua zilikuwa zimekatika siku nyingi, na bado asubuhi ile Benigna aliamshwa na tone la maji lililomdondokea shavuni. Alidhani ni chozi lake mwenyewe, maana alikuwa amelala akimwaza Careen. Akajifuta. Likadondoka jingine, safari hii puani.

Akainua macho. Bati lote juu ya kitanda lilikuwa limeshika matone kama kifuniko cha sufuria ya wali. Ukutani, juu ya ile rangi ya mafuta ya buluu waliyopaka kwa ajili ya Krismasi, maji yalichirizika hadi sakafuni. Na kwenye kona nyuma ya kabati, mahali alipopasugua jana yake kwa sabuni na majivu, ukungu mweusi ulikuwa umeanza tena, madoa madoa, kama mtu aliyechovya vidole kwenye masizi akavifutia pale.

Careen, binti yake, alikuwa ameketi kwenye kitanda cha pili, mabega juu, kifua kikimlia filimbi.

"Umelala?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mama, kidogo."

Kifua hicho ndicho kilichomnyima Benigna raha. Muuguzi alimwambia kikiendelea hivyo kitageuka pumu, na pumu haina kwaheri. Akamwambia pia amkinge mtoto na baridi. Kipupwe cha Songea si cha mchezo, basi Benigna akakinga kweli. Alipanda juu ya kiti akaziba kwa matambara matundu yote ya hewa yaliyo juu ya madirisha, akaweka gunia chini ya mlango. Chumba kikawa na joto la tanuri la mkate. Lakini kadiri alivyoziba, ndivyo filimbi ilivyozidi na ukuta ulivyozidi kutoa jasho. Hapo akili yake iligoma.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, ya matofali ya kuchoma, pale Mfaranyaki. Aliijenga baba mkwe, na mama mkwe, marehemu bibi Hilda, alizeekea humo. Hakuna aliyewahi kusikia ukuta wa bibi Hilda ukilia. Sasa kimebadilika nini?

Alimwita fundi Kajetani apande juu. Kajetani alitembea juu ya bati akigonga gonga, kisha akateremka anajipangusa mikono.

"Mama Careen, bati lako halina tundu hata la sindano."

"Basi maji yanatoka wapi?"

"Mimi nazuia maji ya mvua. Haya ya kwako sijui ni ya nani."

Jibu hilo wifi yake Lidwina alilipokea kama zawadi. Alikaa kwenye kigoda uani, akavuta kanga mabegani.

"Ni mama huyo analia," akasema. "Mmempakia buluu chumba chake. Mama hakupenda buluu."

"Wifi, kanga tuliyomzika nayo ilikuwa ya buluu."

"Mliyomchagulia nyie. Yeye mlimwuliza?"

Benigna alicheka. Lakini usiku wa kuamkia siku ile alikuwa ameota mama mkwe anapapasa ukuta. Hakumwambia Lidwina.

Alirudi chumbani kutafuta sweta la Careen, lililokuwa limeangukia nyuma ya magunia. Magunia hayo yalikuwa mahindi ya mwaka ule, yamepangwa mpaka usawa wa dirisha. Zamani mavuno yalikwenda chama cha ushirika na mambo yakaisha. Sasa wafanyabiashara walikuwa wameruhusiwa kununua, malori yakaja na matajiri wasiojulikana, na kila mwenye shamba alikaa na mzigo wake akimvizia mnunuzi. Mahindi ya jikoni kwenye kichanja, juu ya moto, alipokuwa akiyaweka bibi Hilda, yakawa yanaibiwa. Kwa hiyo mumewe, Hironimus, aliyavuna haraka ili lori lisimpite, akayaleta ndani, akakataza dirisha lisifunguliwe wapita njia wasije wakayaona.

Benigna alipitisha mkono katikati ya magunia. Palikuwa pa moto, kama ng'ombe amelala pale. Akafungua gunia moja, harufu ya kimea ikampiga usoni. Mkono ulitoka na unyevu.

Akakumbuka jambo. Bibi Hilda hakuweka punje kichanjani bila kuing'ata. Ikilia "ka!", imekauka. Benigna akang'ata. Punje haikulia. Ilibonyea tu.

Hironimus aliporudi alimkuta mkewe anaburuta magunia kwenda barazani.

"Wewe, lori linakuja wiki hii."

"Mahindi yako yanapumua, baba Careen. Na mtoto anapumua humo humo."

"Mahindi yanapumua. Na maharage je, yanakohoa?"

"Ng'ata," akasema, akampa punje.

Aling'ata. Akatafuna, akamwangalia Careen aliyekuwa ameegemea mlango, mdomo wazi, anatafuta hewa. Kisha akashika ncha ya pili ya gunia.

"Na wezi?"

"Utalala nayo barazani. Koti lako zito."

Mahindi yakaanikwa. Benigna akapanda tena kiti akachomoa matambara, ingawa muuguzi alionya juu ya baridi. Akamfunika Careen mablanketi yote ya nyumba. Jioni Lidwina akaja na chupa ya maji ya baraka akanyunyiza kila kona, na Benigna hakumzuia.

Haikupita wiki, ukuta ukakauka. Kifua cha Careen kikashuka taratibu, filimbi ikabaki alfajiri tu, mwisho ikatoweka.

Lidwina alisema mama amenyamaza. Hironimus, aliyeliachia lori lile lipite, alisema kipupwe kimepungua, basi. Mambo matatu yalifanyika siku moja, mahindi, matundu na maji ya baraka, na Benigna hakujua lipi liliponya. Kujaribu kuacha moja ili aone, kwa kifua cha mwanawe, hakuthubutu.

Ndiyo maana mwaka uliofuata, mavuno yalipoingia, aling'ata punje moja ya kila gunia, akakagua matundu ya hewa, kisha akatuma mtu kwa wifi yake. Lidwina akafika na chupa, anatabasamu.

"Umeamini sasa?"

"Sijui, wifi," Benigna akasema, kiganja chake kikiwa ukutani. "Nyunyiza na kona ile ya kabati."