Bi Baridi hawashi gari lililopashwa moto

Saa tatu asubuhi, mwanamke mwenye ovaroli ya bluu anaingia katika yadi ya magari yaliyotumika, anampita dalali aliyemnyooshea mkono, na kuweka kiganja chake juu ya boneti ya gari jeupe. Anakituliza hapo, kama mzazi anayempima mtoto homa. Kisha anavuta ndoo tupu, anaipindua na kuikalia.

"Ina joto," anasema. "Tutasubiri."

Dalali anacheka shingo upande. "Bi Baridi, umeanza. Nimeliwasha kidogo tu, nilisogeze lioshwe."

"Sawa, kaka. Na sisi tutakaa kidogo tu."

Jina hilo alipewa na madalali wenyewe, wala hawakumpa kwa mapenzi. Ana miaka arobaini na minne, na kazi yake ni kukagua magari kwa niaba ya wanunuzi. Malipo ya gari moja ni sawa na ujira wa siku mbili wa kibarua wa gereji. Mwezi mzuri hukagua magari kumi na tano, mwezi mbaya sita. Analipwa hata akisema usinunue, na hapo ndipo madalali wanapomnunia.

Injini ikiwa ya moto, anaeleza, oili imeshazunguka kila mahali na vyuma vilivyochoka vinanyamaza. Ikiwashwa ikiwa baridi, dakika ya kwanza tu inasema yote: mlio, moshi, mtetemo. Aliyeipasha kabla mteja hajafika huenda kweli alikuwa analipeleka gari kuoshwa. Huenda pia anajua anachofanya.

Leo mteja ni mama yake mdogo, fundi cherehani wa sare za shule, anayetaka gari la kusambazia mizigo yake. Amesimama kando, mkoba kwapani, maneno machache. Ni mara ya kwanza kwa miaka minne wawili hawa kutoka pamoja.

Miaka minne iliyopita Bi Baridi alikuwa ameajiriwa na yadi nyingine, kazi yake kusaini vyeti vya ubora. Gari aliloletewa siku hiyo lilikuwa tayari linaunguruma. Bosi alisema limeshapimwa, naye akasaini bila hata kulizima. Mama mdogo alipoiona saini ya mtoto wa dada yake hakutazama kingine, akalinunua. Wiki ya tatu, shule zikifunguliwa, injini ilikufa njiani na sare mia mbili ndani. Shule ikampa kazi fundi mwingine.

"Hakunigombeza," anasema Bi Baridi. "Angenigombeza ningepumua. Aliacha tu kuja kwangu. Iliniuma, na bado inaniuma."

Mwezi uliofuata aliacha kazi ile.

Kusubiri kwake si kukaa bure. Anavuta mkanda wa usalama wa kiti cha nyuma mpaka mwisho, akitafuta mstari wa tope, maana gari lililozama kwenye mafuriko huoshwa viti na kusahauliwa mikanda. Anasoma cheti cha ubora kilichobandikwa kiooni na kulinganisha namba yake na ile iliyogongwa kwenye bodi. Zinafanana. Halafu analipigia simu duka la vipuri.

"Gari utanunua siku moja," anamwambia mama mdogo, simu ikiita. "Spea utanunua mpaka uchoke. Tuulize kwanza."

Jibu halipendezi. Pedi za breki za gari lile huagizwa, na bei yake ni mara tatu ya zile za kawaida.

Saa tano kasoro boneti imepoa. Dalali anawasha. Injini inagonga kama vijiko ndani ya kopo, na moshi wa bluu unatanda nyuma.

"Ni hali ya hewa," anasema dalali. Jua limeshakuwa kali.

"Nilikuwa nimelipenda," mama mdogo anasema polepole.

"Najua, mama."

Pembeni kuna gari la kijivu, rangi imepauka, mlango mmoja una kovu. Hakuna aliyejisumbua kulipasha. Linawaka mara moja na kutulia. Vipuri vyake vipo kila duka, na cheti chake kina dhamana ya miezi sita kwa injini na gia. Bi Baridi analala chini yake na tochi karibu saa nzima, analiendesha, anarudi, analala tena. Mwisho anatoa karatasi yake ya ukaguzi, anajaza kila mstari, na kalamu inasimama penye saini.

"Mbona husaini?" anauliza mama mdogo.

"Naogopa."

"Hata mimi naogopa. Saini, mwanangu."

Anasaini.

Mipango yake ni ya kawaida: kukodi kibanda chenye shimo la ukaguzi ili asilale tena kwenye kokoto, na kumfundisha binti yake wa kwanza kazi hii. Ukutani, anasema, ataandika sharti moja tu, gari liletwe likiwa baridi. Kuna jambo jingine analolitaka, lakini hilo halipangi.

Mama mdogo akiwa anamalizia malipo kwa dalali, Bi Baridi anafuta mikono na kukusanya vifaa, aende zake kituo cha basi. Gari la kijivu linasimama mbele yake. Mama mdogo anainama na kumfungulia mlango kutoka ndani.

"Panda, nikufikishe kwako," anasema. "Njia naikumbuka."