Marselino na Bibi wa Viazi

Miaka kumi na tisa Marselino amechora vibao vya saluni na mabucha mjini Kasulu, na haijatokea hata siku moja mtu akamtambua binadamu aliyechorwa naye. Bibi harusi mmoja wa kibao cha saluni alidhaniwa padri. Ng'ombe walitambulika, tena kwa msaada wa maandishi.

Akajiapiza kwamba kabla hajafa atachora binadamu atakayetambulika, japo mmoja. Akabandua picha ya kalenda ya zamani: chumba cha Ulaya, mama anashona dirishani, bibi kizee anamenya viazi. Mtu hujifunza kwa kunakili, alijihubiria kama profesa. Akapanga sebule yake vilevile. Mkewe Vestina akawekwa dirishani na sindano. Bibi wa viazi akawa mama mkwe wake, Esteria, aliyekuja kuwatembelea kutoka Busunzu.

Viazi vimefika nusu sinia ndipo bingwa akakumbuka kwamba kwao mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Mchoraji gani huyo, anamkalisha mtu asiyeruhusiwa kumwangalia! Bahati nzuri Esteria, mwenye akili zake, alikuwa ameshampa mgongo. Marselino akachora mgongo.

Siku ya nne kazi ikaisha. Meza ilining'inia hewani. Sindano ilitosha kusongea ugali. Vestina alikuwa na macho mawili yasiyofahamiana.

Jirani yao Mwamvua, muuguzi aliyehamishiwa pale kutoka Tanga, akapita kusalimia. Akaitazama picha, akainamisha kichwa huku na huku.

"Shemeji, huyu kijana dirishani ni nani?"

Vestina akaangua kicheko. Marselino akaanza kupima moyoni kama ubao ule wa picha ungetosha kwa tangazo la bucha.

"Lakini huyu wa viazi," Mwamvua akasema, "si Bibi Esteria huyu? Ndiye kabisa!"

Esteria alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, akichungulia. Akamwita binti yake.

"Vestina, muulize mumeo. Bega hilo la kushoto lilishuka tulipokimbia Burundi, nimekubeba siku tatu. Sijamwambia mtu kwamba linaniuma mpaka leo. Yeye amelijuaje?"

Marselino alitaka kujicheka kama kawaida yake, akaacha. Akageukia ukutani, kwa adabu.

"Mwambie mama," akamwambia mkewe, "miaka kumi na moja ya ndoa yetu, ni hapo mgongoni tu niliporuhusiwa kutazama."