Ndoo ya Mzee Mbele ya Foleni

Mwanangu, ipo siku moja ya msimu wa asali ambayo hainitoki kichwani hadi leo. Nilikuwa karani kijana wa ushirika wetu wa asali pale Kanyenye, Tabora mjini, na kompyuta ya ofisi ilianza kutoa lebo za ajabu. Asali ya kijiji cha Goweko ikipewa jina la kijiji cha Ntalikwa, ya huyu ikipewa jina la yule. Mnunuzi alikwisha kutuonya: kosa jingine moja, anaondoka, na asali ya msimu mzima itatudodea.

Mafundi waliotutengenezea programu ya lebo niliwaandikia, nikawaandikia tena. Kimya. Kimya kile kiliniuma kuliko nyuki, na nyuki nawajua. Basi nikaketi kuandika barua pepe ya matusi. Bibi Kalunde, mwenyekiti wetu, akaingia, nikampa shikamoo.

“Marahaba. Unamwandikia nani huku umekunja uso hivyo? Hebu nisomee.”

Nikamsomea. Akacheka mpaka akakohoa.

“Mjukuu wangu, ukienda zahanati unamtukana mganga, ama unamwonyesha panapouma? Hapo umewaambia una hasira tu. Ugonjwa hujautaja. Mficha maradhi kifo humuumbua.”

Nilinuna, sikufichi. Lakini nikairudia kazi ya asubuhi kwenye kompyuta, ndoo baada ya ndoo, nikitazama kila lebo. Zote sawa, mpaka nilipofika kwenye ndoo ya mzee mmoja aliyekuwa amechelewa asubuhi ile. Desturi yetu unaijua: mzee hakai nyuma ya watoto. Nikalipandisha jina lake juu ya foleni ya kompyuta, kama nilivyofanya asubuhi, na lebo yake ikatoka na jina la kijana niliyemshusha. Kumbe! Mafundi wale hawakujua kuwa kwetu foleni hupanguliwa kwa heshima.

Nilipiga kelele za furaha peke yangu. Nikafuta matusi, nikaandika: ingiza ndoo mbili, ya pili ipandishe juu, chapa lebo, utaona. Nikawaeleza na sababu.

Kesho yake jibu likaja: “Tumeliona kosa. Asante, hakuna aliyewahi kutueleza hivi.” Programu ikatengenezwa, asali ikaondoka Tabora kila ndoo na jina lake, na Bibi Kalunde akapiga vigelegele mpaka wenye maduka wakatoka kutazama. Tulishinda, mwanangu!

Basi shika hili: hasira hasara. Asiyekujibu huenda hajakuelewa. Lirudie jambo lako polepole, ujue linapoanzia, kisha bisha hodi tena ukiwa na la kuonyesha. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Na mzee endelea kumtanguliza. Kompyuta ndiyo iliyojifunza adabu, si sisi tulioiacha. Mungu akujalie subira, na kila hodi yako ipate wa kuiitikia karibu.