Kompyuta ya Kuzamia Niliyoichagua kwa Uzito

Nimechagua ng'ombe maisha yangu yote na sijawahi kurudi mnadani Katesh kulia kwamba nimeuziwa mgonjwa. Nalisema hili mwanzoni ili usinidhanie mjinga wa kila kitu. Mimi ni mjinga wa kitu kimoja tu, na kitu chenyewe kilikuwa cha kuvaliwa mkononi na mjukuu wangu, chini ya bahari.

Bahari sijaiona. Maji mengi niliyoyaona mimi ni ya ziwa letu la Balangida, na kiangazi hayo nayo yanaondoka yanatuachia chumvi. Lakini mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu, alimaliza sekondari akaenda Tanga kutandika vitanda hotelini. Siku moja akapiga simu akasema ameacha vitanda, sasa anafungwa mtungi wa hewa mgongoni, anashuka chini ya maji na wageni kuwaonyesha samaki.

Nilimwuliza, "Wageni hao hawawezi kuwaona samaki sokoni?"

Akacheka. Mimi sikucheka, nilitoka nikaenda kutangaza. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya, simu za mkononi ndiyo zinaingia, na kila nyumba Gendabi ilikuwa na mtoto aliyekwenda kutafuta: huyu yuko machimboni, huyu ana kibanda cha mitumba Arusha. Wa chini ya bahari nilikuwa naye mimi peke yangu. Nilihakikisha hakuna asiyejua.

Halafu ikaja habari ya kompyuta. Mwenye kituo chao cha kuzamia alikuwa tayari kumpandisha awe kiongozi wa wazamiaji, lakini kiongozi lazima awe na kompyuta yake mwenyewe ya kuzamia. Niliijua kompyuta ya ofisi ya kata, ile yenye kichwa kama televisheni, nikajiuliza atashuka nayo vipi. Akanieleza kwamba hii inavaliwa kama saa. Inapima umeshuka kina gani na umekaa muda gani, inakuhesabia dakika zilizobaki kabla hujatakiwa kuanza kupanda. Ukipitiliza halafu ukapanda haraka, damu inatoa mapovu kama soda iliyotikiswa, viungo vinakaza, na wengine hawasimami tena.

"Nitauza dume," nikasema. "Lakini nikione kwanza."

Kwetu hakuna anayetoa mnyama kwa kitu cha kusimuliwa. Unakiona kwa macho yako, asubuhi, mchana kweupe. Ng'ombe unampeleka majini umwone anavyokunywa, maana mgonjwa hajifichi mbele ya maji. Na anayetoa mali ndiye anayechagua. Anayepewa anashukuru, hashindani.

Basi mtoto akaja likizo na kompyuta mbili ndani ya soksi. Mwenye kituo alimwazima azilete zote, arudishe moja. Alizilaza juu ya ngozi mbele yangu. Moja ilikuwa ndogo, nyeusi, ina kitufe kimoja, imenyamaza kama mkwe aliyeingia jana. Nyingine ilikuwa kubwa kama kifuniko cha chupa ya chai, vitufe vinne, mkanda mpana.

"Tuzipeleke zikanywe maji," nikasema.

"Bibi, hizi si ndama."

"Zinaishi wapi?"

"Majini."

"Basi twende."

Tulikwenda kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Akazitumbukiza zote mbili huku ng'ombe wanatutazama. Ile ndogo ikaamka yenyewe mara tu ilipolowa, ikaandika tarakimu zake na kakilima kadogo pembeni. Ile kubwa ikakaa imelala mpaka akaibonyeza.

"Kakilima hako ni nini?"

"Imejua tuko juu, bibi. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo inahesabu tofauti."

"Imeuona Hanang?"

"Kama imeuona."

Angalia sasa. Nimepeleka vitu viwili majini kwa sheria yangu mwenyewe. Kimoja kimeamka kikautambua mlima wangu, kingine kimelala. Ng'ombe wa namna ile ya pili ningemkataa hata bure. Lakini mimi nikazitoa kwenye maji, nikaziweka viganjani, moja huku na moja huku, nikazipima uzito.

Nieleze ugonjwa huu. Nina bangili za shaba mikononi tangu nikiwa mwari, na kwetu bangili nyepesi ni ya mtu ambaye hakuna aliyemjali. Mwanamke akipita, watu wanamtazama mkono kabla ya uso. Kichwani nilimwona mjukuu wangu akipita huko Tanga na kile kidude kidogo, watu wanaulizana, huyu hana kwao?

"Hii," nikasema, nikainua ile kubwa.

Mtoto akainamisha macho. "Bibi, hiyo ni ya watu wanaoshuka kina kirefu sana, wanabadilisha mitungi ya hewa tofauti tofauti. Mimi nazunguka na wageni pale pale kwenye matumbawe. Hii ndogo naisoma mara moja tu."

"Hiyo ndogo ni ya kumvalisha mtoto wa shule ya vidudu. Nauza dume au nauza kuku?"

"Dume, bibi."

"Basi."

"Asante, bibi," akasema, na mimi nikaichukulia ile asante kama ilivyo, nzima.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekosea kidogo tu. Lakini mtoto alikwenda Masakta siku mbili kumsalimu shangazi yake, akaziacha kompyuta kwangu. Jambo la kwanza nililofanya ni kuipaka ile kubwa samli ing'ae, kama tunavyopaka ngozi. Jambo la pili, niliivaa juu ya bangili zangu nikaenda nayo mashineni kusaga mahindi. Sikuwa na mahindi ya kusaga. Nilibeba debe nusu kwa ajili ya heshima.

Pale mashineni alikuwapo jirani yangu, mama mkulima wa rika langu, mwenye ulimi kama wembe.

"Mwenzangu, umefungwa pingu?"

"Ni kompyuta ya baharini."

"Bahari ya wapi, ya hapa mashineni?"

Wanawake wakacheka. Nikaona niwanyamazishe, nikabonyeza kitufe. Ikalia pii. Wakanyamaza. Utamu wa kunyamaza kwao ukanipanda kichwani, nikabonyeza kingine. Yakaja maneno ya Kiingereza. Mimi niliishia darasa la tatu, na Kiingereza nilichokuwa nacho ni "good morning," ambayo haikuwemo. Nikabonyeza tena, ikalia tena, maneno yakabadilika, nikabonyeza kwa nguvu kama mtu anayejua.

"Inasemaje?" jirani akauliza.

"Inanisalimu," nikasema.

Mjukuu aliporudi alinusa mkanda. "Bibi, mbona kompyuta inanuka maziwa?" Nikamwambia kila kitu nyumbani kwangu kinanuka maziwa, asijifanye mtu wa pwani. Ya mashineni sikuyasema. Dume likauzwa, yeye akaondoka na mali yangu mkononi, na ile ndogo ikarudi kwenye soksi.

Siku nne baadaye simu iliita. Mtandao kwangu ulikuwa unasikika vizuri juu ya kichuguu tu, basi nikapanda kichuguu, bangili zinalia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama. Umeshashuka nayo?"

"Nilikuwa nashuka asubuhi hii na wageni sita. Bibi, kuna mtu aliichezea?"

"Labda ndama aliilamba."

"Ndama hawezi kubonyeza mara nne."

Akaniambia taratibu, hakunipigia kelele, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Kompyuta ilikuwa imebadilishwa. Ilipangwa iwe ya kupima kina na muda peke yake, bila kuhesabu chochote. Ingekaa mkononi mwake inawaka vizuri, ikapima alivyoshuka, na saa ya kumwonya ingepita imekaa kimya. Aligundua hilo kwenye mashua kwa sababu ana tabia ya kukagua kila kitu kabla ya kuingia majini. Siku hiyo alibaki juu, akashuka mwingine.

Nikakaa pale pale juu ya kichuguu. Niliona ile soda iliyotikiswa. Niliona viungo vya mtoto wangu vimekaza, na wale wanawake wa mashineni wamekuja msibani na madebe yao.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikwenda nayo mashineni. Nilitaka wanione."

"Nilijua, bibi."

"Ulijuaje?"

"Unga ulikuwa kwenye vitufe, umeshikana na samli."

Nikamwambia airekebishe. Akasema ameshairekebisha. Halafu nikasikia upepo wa kwao, na mtoto yule niliyemlea asibishane na mkubwa akanibishia.

"Bibi, siitaki. Ina milango mingi. Nikiwa chini mgeni anaweza kushtuka, anavuta hewa ovyo, natakiwa kutazama mkono mara moja nijue tupande au tukae. Hii nikikosea kitufe nimepotea. Niliogopa kukuambia mbele ya ng'ombe."

"Uliniambia. Mimi ndiye niliyesema kuku."

"Ndiyo."

"Je, bwana wako huyo wa kituo ile ndogo anayo bado?"

"Nitamwuliza."

"Mwulize sasa. Sishuki hapa mpaka unipigie."

Sikushuka. Ng'ombe walirudi wakanikuta juu ya kichuguu kama mwewe. Jirani akapita na jembe lake begani, akauliza kama kompyuta ya baharini imenipeleka huko. Nikamwambia ndiyo. Simu ikaita. Mwenye kituo amekubali, amebadilisha, ndogo iko mkononi.

Alikuja tena wakati wa mavuno. Alikuwa amenitaka radhi kwenye simu kwamba atachelewa siku moja, kwa sababu alikuwa ametoka kuzamia na kompyuta inamkataza kupanda sehemu za juu kama kwetu mpaka mwili utulie. Zamani ningemwuliza mkubwa ni nani, mimi au saa. Nilimwambia akae, maziwa yatamsubiri.

Jirani alikuwa kwangu alipofika. Alimtazama mkono mara moja, akanigeukia.

"Mwenzangu, lile dume lote ndilo hili?"

"Ndilo," nikasema. "Lile lingine lilikuwa na pembe kubwa na akili kama yangu."

Mjukuu wangu akaichovya kwenye birika ili jirani aone. Ikaamka yenyewe, ikaandika kakilima kake pembeni. Jirani akainama, akageuka kuutazama Hanang, akainama tena.

"Niishike kidogo?" nikauliza.

"Ishike, bibi. Ila hicho kitufe…"

"Basi nitaitazama tu," nikasema, nikaweka mikono yangu nyuma ya mgongo, bangili zote, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyekwisha kuchapwa.