Baba na Keki ya Forosadi

Mbuzi wetu alikula daftari langu la pekee, masomo yakaishia hapo. Namtaja kwa sababu maziwa yake ndiyo aliyoyatumia Baba kupikia krimu, na juzi mjukuu wangu alipopika krimu kama ile, harufu ya vanila ilinirudisha Muthara, kijijini kwetu.

Baba alikuwa mpishi wa hoteli mjini. Mchana mmoja alipokuja nyumbani aliketi kando ya mafiga ya Mama, akipanga matunda ya forosadi juu ya keki aliyoimwagia krimu ya manjano. Nilidhani krimu ile ni uji wa mgonjwa, nikaangalia nani anaumwa.

Nyanya, mama yake Baba, alisimama mlangoni. "Mwanamume aliyetahiriwa anapika nyumbani kwake? Watasema mke amekukalia."

"Onja tu, Mama."

"Sionji."

Baba alinawa mikono polepole, akavaa koti. Nilidhani anaenda kununua sukari. Aliiacha keki pale mafigani bila kuonjwa, akashuka njia ya sokoni, asirudi kwetu tena.